Weusi chini ya macho: kwanza ujue umetoka wapi

Mhariri, wiki hii mmeuliza weusi chini ya macho husababishwa na nini na hutibiwaje. Wengi watajibu ni kukosa usingizi. Mimi ni msusi hapa Kondele, Kisumu, kutwa nzima nipo karibu na nyuso za watu, na naona usingizi unasingiziwa mengi.

Ngozi ya hapo ni nyembamba mno, kiasi cha nusu milimita. Shika kioo, simama mlangoni penye mwanga wa mchana, uivute taratibu kwa kidole. Ukahawia ukisogea pamoja na ngozi, hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe, iliyoletwa na urithi, jua au kufikicha macho. Ikizidi kuwa zambarau, unaona mishipa ya damu. Ukiinua uso kwenye mwanga na weusi ukapotea, ni kivuli cha bonde linalochimbika kadiri umri unavyosonga, na hilo halijazwi na krimu.

Kufikicha ndiko kunakoniuma. Akina mama wanaokaanga samaki kando ya ziwa huingiwa na moshi, wakajifuta macho kwa ncha ya leso, wakafikicha, hadi jioni. Mwenye aleji ya vumbi naye ni vivyo hivyo. Hapo tibu mwasho kwanza: kitambaa cha maji baridi, na cetirizine, dawa ya aleji, ukishauriwa na mfamasia. Weusi wenyewe utafifia polepole, kwa miezi.

Mwingine amepungukiwa damu kwa hedhi nzito au malaria, ambayo huku kwetu tunaijua sana. Uso ukipauka, weusi hujitokeza zaidi. Apimwe damu, na asiteremshie sukuma wiki kwa chai, maana chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Nawasihi sana, msipake krimu za kujichubua za vikopo visivyo na lebo. Baadhi zina zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), ambazo Kenya imepiga marufuku katika vipodozi. Nyingine zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo hufanya ngozi izidi kuwa nyembamba na zikipakwa karibu na jicho zaweza kuleta glaukoma (presha ya jicho) au mtoto wa jicho. Ni afadhali krimu ya kukinga jua ya SPF 30 na kofia pana, kisha daktari wa ngozi. Kama mama na nyanya yako wanao weusi huo, wewe si mgonjwa. Lakini ukitokea ghafla kwenye jicho moja, na uvimbe au maumivu, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo.