Maswali ya Wasomaji: Je, Starfleet ni Jeshi?

SWALI: Mimi na kaka yangu tumezifuatilia tamthilia za Star Trek tangu tukiwa shuleni, na kuna jambo moja ambalo tumebishana juu yake mpaka tumechoka. Yeye anashikilia kwamba Starfleet ni chombo cha utafiti wa anga tu, kwa sababu Nahodha Picard, kiongozi wa meli ya anga katika mojawapo ya tamthilia hizo, alitamka mwenyewe waziwazi kwamba si jeshi. Mimi naona sare, vyeo na silaha kila upande. Naomba mtuamulie.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ijapokuwa ushahidi uliouleta si ule ulio mzito. Kwa faida ya wasiozifahamu tamthilia hizi, zilizoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, Starfleet ni chombo cha Shirikisho la Sayari, dola ya kubuni inayowaunganisha wanadamu na viumbe wa sayari nyingine. Kazi yake inayotangazwa ni kuzichunguza nyota zisizojulikana, na pamoja na hiyo imekabidhiwa ulinzi wa Shirikisho lenyewe.

Sare na vyeo peke yake havithibitishi kitu. Huko Marekani kwenyewe wapo maofisa wa huduma ya afya ya umma, na wengine wa idara inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, ambao huvaa sare zinazofanana na za wanamaji na hupanda vyeo mpaka uadmirali, lakini kisheria hawahesabiwi kuwa miongoni mwa majeshi ya nchi hiyo. Luteni Uhura, ambaye wasomaji wetu wanamjua kwa jina lililotoholewa kutoka neno letu uhuru, angeweza kuwa na cheo chake kilekile katika chombo cha kiraia kabisa. Silaha nazo hazimalizi ubishi, kwa kuwa hata meli za biashara za zamani zilibeba mizinga ya kujikinga na maharamia.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine. Dola inapoingia vitani, ni nani anayetumwa kupigana kwa niaba yake? Anayekaidi amri huhukumiwa na mahakama ya aina gani? Na je, mkubwa anaweza kumwamuru mdogo wake aende mahali anapojua kwamba hatarudi?

Swali hilo la tatu lina jibu la wazi katika sehemu iitwayo "Thine Own Self", ya mwaka 1994. Deanna Troi, mshauri wa masuala ya nafsi ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasikiliza watu na kuwatuliza, anaomba kufanya mtihani wa kupandishwa cheo ili aweze kuongoza meli ya anga. Anaufanya katika zoezi la kuigiza hatari, anashindwa, anarudia, anashindwa tena, huku akitafuta ufumbuzi katika vitabu vya uhandisi kana kwamba tatizo ni la mitambo. Hatimaye anatambua kinachopimwa, naye anamwagiza La Forge, mhandisi mkuu aliye pia rafiki yake, aingie mahali penye mionzi ya kuua ili meli iokoke. Anapata cheo. Chombo kinachowapima maofisa wake kwa kuangalia kama wanaweza kutoa amri ya namna hiyo kina moyo wa jeshi, hata kama siku nyingi za mwaka kinapima gesi za nyota.

Kuhusu mahakama hakuna haja ya kurefusha maneno: Nahodha Kirk, kiongozi wa meli katika tamthilia ya kwanza, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi katika sehemu ya mwaka 1967 iliyopewa jina hilohilo. Na kuhusu vita, katika tamthilia na filamu hizi sijapata kuona jeshi lingine la Shirikisho likitangulia mbele ya Starfleet. Klingon wanapokuja, Borg wanapokuja, Dominion wanapokuja, wote wakiwa maadui wa Shirikisho kwa nyakati mbalimbali, wanaotumwa ni haohao waliokuwa wakichora ramani za nyota wiki iliyotangulia.

Sasa tumgeukie Picard, maana kaka yako hakosei kumnukuu. Katika "Peak Performance", ya mwaka 1989, anasema kweli kwamba Starfleet si chombo cha kijeshi na kwamba lengo lake ni uvumbuzi. Lakini tazama anayasema hayo akiwa wapi: yuko katika maandalizi ya zoezi la vita, mbele ya bingwa wa mbinu za mapigano aliyealikwa kuwapima maofisa wake, na yeye mwenyewe anaeleza kwamba tishio la Borg limemfanya aone haja ya kuunoa ujuzi wao wa kupigana. Simwiti Picard mwongo. Nadhani anasema kile anachotaka vijana wake wajione kuwa ndicho, na hilo ni jambo jema kwa kiongozi. Hata hivyo, Kirk alikuwa amekwisha kusema kinyume chake mwaka 1967, katika "Errand of Mercy", alipoliambia baraza la wazee wa sayari ya Organia kwamba yeye ni askari, wala si mwanadiplomasia. Sehemu hiyo inastahili kutazamwa mpaka mwisho, kwa sababu wazee hao wanapouzuia ugomvi kwa nguvu zao za ajabu, Kirk anajikuta akidai haki ya kupigana vita. Mzee mmoja anamuuliza kama ni haki ya kuua mamilioni ya wasio na hatia, naye anakosa la kusema.

Iko hoja moja ya upande wa kaka yako ambayo mimi naiheshimu kuliko kauli ya Picard. Katika "Yesterday's Enterprise", ya mwaka 1990, historia inapinda na Shirikisho linajikuta katika vita virefu na Klingon. Meli ya Picard, Enterprise, ni ileile, lakini taa zimefifia, maofisa wanatembea na bastola kiunoni, shajara ya nahodha imegeuka kuwa shajara ya kijeshi, na nafasi iliyokuwa ya familia sasa inaweza kubeba askari zaidi ya 6,000. Waandishi walitaka tuhisi kwamba hiki sicho Starfleet tulichokizoea, na kwa kweli tunahisi hivyo. Hata hivyo, mageuzi hayo hayakuhitaji kuundwa kwa jeshi jipya, kwani watu, vyeo na mfumo wa amri vilikuwa tayari, vikabadilishiwa kazi. Filamu ya 6 ya Star Trek, ya mwaka 1991, inasema jambo hilohilo kwa upande wa pili: amani na Klingon inapozungumziwa, mmoja wa maofisa anauliza kama meli zitawekwa kando, na mkuu wao anajibu kwamba shughuli za utafiti na sayansi hazitaguswa. Kama utafiti ungekuwa ndiyo kazi yao yote, swali hilo lisingeulizwa kabisa.

Wala si ajabu ya kubuni tu. James Cook alipopelekwa Tahiti mwaka 1768 ili wataalamu waitazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, meli yake ilikuwa ya jeshi la wanamaji la Uingereza, naye alibeba maagizo ya siri ya kulitafuta bara la kusini. Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek, alirusha ndege za mabomu katika Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini utamaduni wa maofisa wa majini wa aina ya Cook, alioupenda, ndio aliomvika Kirk.

Kwa nini basi nasisitiza kuliita jeshi, wakati mimi mwenyewe nakipenda chombo hiki kwa ajili ya sayansi yake? Kwa sababu ya Admirali Leyton, mmoja wa wakuu wa Starfleet. Mwaka 1996, katika "Homefront" na "Paradise Lost", hofu ya wavamizi wenye uwezo wa kubadilisha maumbo inamfanya rais wa Shirikisho aruhusu askari wa Starfleet wasimame mitaani duniani, na baadaye inagundulika kwamba Leyton amekuwa akipanga kumpindua rais huyo. Wananchi waliozoea kuambiwa kwamba hawa ni wavumbuzi waliwapokea bila kuuliza maswali ambayo wangemuuliza jenerali yeyote.

SWALI: Kama ni jeshi, mbona chombo cha Picard kina watoto na shule?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kuwa waliokiunda waliamini kwamba safari ndefu za amani haziwezekani bila familia. Lakini tangu sehemu ya kwanza, mwaka 1987, Picard analazimika kukitenganisha chombo vipande viwili ili familia ziondoke na yeye abaki kupambana. Anamkabidhi ofisa wake Worf kipande chenye familia, na Worf anapopinga kuondoka vitani, anakumbushwa kwamba yeye ni ofisa wa Starfleet, basi anatii.

Utaratibu huo uligharimu sana. Katika mapigano ya Wolf 359, ambako Borg waliteketeza meli 39, Benjamin Sisko, ofisa wa Starfleet, alimpoteza mkewe ndani ya meli waliyokuwa wakiishi, akaokoka yeye na mwanawe Jake. Mimi nawalaumu waliozituma meli hizo bila kuhakikisha kwamba familia zimeshushwa kwanza. Defiant, meli iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya kupigana na Borg na ambayo Sisko huyohuyo alikabidhiwa baadaye, haikuwekewa nafasi ya familia, na yeye alieleza kwamba katika makaratasi ni meli ya kusindikiza, ila kwa hakika ni meli ya vita.