Wazazi wanaokuja Uingereza: wapeleke York na Durham

Ndugu, umeuliza wazazi wako, watakaokuja Uingereza kwa siku nne, wapelekwe wapi penye historia nje ya London. Mimi ningewapeleka York, mji ulioanzishwa na Warumi mwaka 71, ambao kuta zake za mawe, zenye urefu wa kilomita 3.4 hivi, mgeni anaweza kutembea juu yake bila kiingilio, ingawa ngazi ni finyu na mzee mwenye maumivu ya magoti atahitaji mkono wa kushikilia. Kutoka hapo, treni hufika Durham kwa muda usiozidi saa moja. Huko kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1093, limesimama kwenye mwinuko juu ya mto Wear. Stonehenge, ile duara ya mawe makubwa ya kale kusini mwa Uingereza, iko mbali na njia hiyo, kwa hiyo iacheni.