Mbona Fat Albert haipai tena kwa roketi?

Roketi ziliisha, ndugu. Fat Albert, ile ndege kubwa ya mizigo aina ya C-130 ya Blue Angels, kikosi cha maonyesho ya angani cha jeshi la majini la Marekani, ilikuwa inafungwa roketi 8 za fueli kavu, nne kila ubavu. Ukishaziwasha huzimi: zinawaka sekunde chache hadi ziishe zenyewe, na dude lote lile linapanda angani kwa nyuzi 45 hivi likiacha moshi mtupu. Raha kuangalia! Ila zilikuwa akiba ya enzi za vita vya Vietnam, na mpya hazikutengenezwa. Mara ya mwisho ilikuwa Pensacola, Florida, Novemba 2009. Tangu 2020 wanarusha C-130J, toleo jipya zaidi la ndege hiyo, iliyonunuliwa Uingereza. Inapaa kwa injini zake tu, na haichechemei hata kidogo.