Anza na neno moja, lifuate mpaka mdomoni

Ukianza kusomea matatizo ya mawasiliano, somo la ubongo litakutisha kwa wingi wa majina. Wanafunzi ninaowaelekeza wengi hukimbilia kukariri, na wiki mbili baada ya mtihani hawakumbuki kitu. Ushauri wangu: chukua neno moja tu, tuseme "maji", ufuate safari yake tangu mtu anapolifikiria hadi linapotoka mdomoni. Kila kituo jiulize: hapa pakiharibika, nitasikia nini?

Kwa watu wengi lugha inategemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu kila alichotamka kilikuwa silabi "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, uharibifu ulikutwa sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza wagonjwa wa namna nyingine: maneno yanatiririka lakini hayana maana, na kuelewa kumeharibika. Hapo tatizo liko nyuma zaidi, eneo la juu ya sikio. Ramani hii ni ya kuanzia tu, maana leo tunajua lugha hubebwa na mtandao mpana. Lakini shika hili: maeneo yote mawili hulishwa na ateri (mshipa wa damu) ya kati ya ubongo, ambayo upande huo wa kushoto hulisha pia eneo linaloendesha mkono wa kulia, ndiyo maana afasia, yaani lugha kuharibika kwa sababu ya ubongo kuumia, baada ya kiharusi mara nyingi huja pamoja na udhaifu wa mkono wa kulia.

Neno likishapangwa, amri hushuka hadi kwenye shina la ubongo, ambako neva za kichwa hupokea kazi. Ziko jozi 12, ila wewe anza na ya 5, 7, 9, 10 na 12. Hizo ndizo za taya, uso, koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na ulimi.

Neva ya 7 ndiyo itakayokufundisha kuliko kitabu chochote. Mwambie mgonjwa ainue nyusi, kisha aoneshe meno. Mdomo ukivutwa upande mmoja lakini paji la uso linakunjamana sawasawa pande zote, shaka iangukie ubongoni, kwa sababu misuli ya paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, wakati ile ya chini ya uso hutegemea zaidi nusu ya upande wa pili. Paji nalo likilala, na jicho la upande huohuo halifumbi vizuri, mara nyingi neva yenyewe ndiyo imeumia. Fanya hivyo kwa mikono yako, mbele ya mgonjwa halisi, na msimamizi akiwepo.

Ulimi una sheria fupi: ukitolewa nje, huelekea upande dhaifu, kwa kuwa upande wenye nguvu ndio unaousukuma.

Usichanganye afasia na disathria. Kwenye disathria lugha ni nzima, misuli ndiyo haitii. Mpe kalamu: kama mkono unafanya kazi na alikuwa anajua kuandika, mwenye disathria peke yake ataandika sentensi nzuri. Mwenye afasia kwa kawaida atakwama hata kwenye karatasi. Sikiliza na sauti pia. Ya mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha mwendo, huwa ndogo na ya mkondo mmoja. Aliyeumia serebela, yaani ile sehemu ya nyuma chini iitwayo ubongo mdogo, hutamka kama mlevi, mkazo ukiangukia mahali pasipotarajiwa.

Na neva ya 10, naomba uiheshimu. Tawi lake la kushoto linalokwenda kwenye zoloto hushuka kwanza kifuani, huzunguka chini ya upinde wa aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni), ndipo hupanda tena shingoni. Uvimbe wa kifuani unaweza kuipooza nyuzi ya sauti, na dalili ya kwanza ikawa sauti kukwaruza. Kwa hiyo mtu aliyekwaruza sauti kwa wiki kadhaa bila nafuu apelekwe kwanza kwa daktari wa koo, zoloto ichunguzwe kwa macho, kabla hujamwanzishia zoezi lolote.