Kwa nini saa ya mkononi hukosea mapigo ya moyo unapokimbia

Swali: Nikikimbia mwendo wa wastani, saa yangu ya mkononi huonyesha mapigo 172 kwa dakika, lakini nikisimama na kuhesabu kwa vidole shingoni napata takribani 140. Je, saa ni mbovu, au ninaivaa mahali pasipofaa?

Jibu: Ndugu msomaji, mapigo hushuka upesi mtu anaposimama, kwa hiyo hesabu papo hapo kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Tofauti ikibaki kubwa hivyo, yaelekea saa yako ni nzima, ila inahesabu hatua zako badala ya moyo wako.

Kihisi kilicho chini ya saa humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kupima kiasi kinachorudi, maana kila moyo unaposukuma damu, mishipa midogo hujaa na kufyonza mwanga zaidi. Mabadiliko hayo ni madogo mno. Kwenye kifundo cha mkono, penye mifupa na kano nyingi kuliko nyama, saa husogea kidogo kila unapotupa mkono, na mtikisiko huo huzalisha mawimbi yanayoweza kulifunika wimbi la moyo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, kiwango ambacho moyo nao huweza kufikia mazoezini, ndiyo maana programu ya saa hushindwa kutofautisha. Hesabu hatua zako kwa dakika moja: zikikaribia 172, chanzo ndicho hicho.

Ipandishe saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, uikaze kiasi cha kutoteleza bila kubana damu, na upashe mwili joto kwanza, kwa sababu baridi hupunguza damu ngozini. Kihisi cha namna hiyohiyo kikifungwa juu ya kiwiko, penye nyama zaidi na mtikisiko mdogo, kwa kawaida husoma vizuri zaidi.

Kwa mazoezi ya kasi ya kupanda na kushuka, mimi napendekeza ukanda wa kifuani, ambao hupokea umeme wa moyo wenyewe na hauchelewi kuonyesha badiliko. Uvae chini kidogo ya misuli ya kifua, na ulowanishe elektrodi zake, yaani sehemu zinazogusa ngozi na kupokea umeme huo, kabla ya kuanza. Zikiwa kavu, dakika za mwanzo nao utakupa namba zisizoaminika mpaka jasho litoke.