Wasomaji Wanauliza: Filamu ya Memphis Belle na B-17 Yenyewe

Filamu ya Memphis Belle ya mwaka 1990, ile ya vijana kumi wa Kimarekani wanaoruka kwa B-17, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, kutoka Uingereza Mei 1943 kwenda kuipiga Bremen, Ujerumani, katika safari yao ya 25, ya mwisho kabla ya kurudishwa nyumbani, imetuletea barua nyingi. Tunajibu tano.

Yule kijana aliye ndani ya tufe chini ya tumbo la ndege anaingiaje, na mambo yakiharibika anatokaje? (Msomaji, Tanga)

Haingii ndege ikiwa chini. Tufe linaning'inia karibu mno na lami, kwa hiyo kupaa na kutua hufanyika likiwa tupu. Wakishakuwa angani, linazungushwa kwa hendeli kutoka ndani mpaka mitutu yote miwili itazame chini wima. Hapo ndipo mlango wake unapotokea juu, ndani ya ndege. Mpiga bunduki anashuka, anajikunja magoti juu, kioo cha kulengea kikiwa kati ya miguu na bunduki moja kila ubavu. Kipenyo ni mita moja na ushee tu, ndiyo maana walichaguliwa wafupi, na parachuti kwa kawaida ilibaki juu. Kutoka ni kwa njia ileile: mitutu chini, mlango ndani. Umeme ukikatika, hendeli ipo. Hatari kubwa ni kipande cha kombora kupindisha meno ya gia. Tufe likikwama mlango ukiwa nje, mtu amefungiwa.

Waigizaji wanapiga soga barakoa za oksijeni zikiwa zimeshushwa. Kweli inawezekana? (Msomaji, Nakuru)

Kwenye mita 7,600, hapana. Mtu asiye na oksijeni pale ana dakika tatu hadi tano za akili timamu, na ubaya wake ni kwamba hasikii maumivu. Hujiona yuko sawa, pengine hata mchangamfu, kisha anazimika. Ndiyo maana kila baada ya dakika chache kila kituo kiliitwa kwa simu ya ndani. Asiyejibu, mwenzake alimfuata na mtungi mdogo wa kubeba. Tunaelewa kwa nini mwongozaji alizivua barakoa, maana sura kumi zilizofunikwa hazitofautishiki, lakini hapo ndipo filamu inapodanganya zaidi.

Baridi nayo imepunjwa. B-17 haikuzibwa hewa, na madirisha ya ubavuni yalikuwa wazi kabisa. Nje ni nyuzi 40 hadi 50 chini ya sifuri. Mvuke wa pumzi uliganda ndani ya barakoa na kuziba njia ya hewa, ikabidi mtu aiminye kila mara kuvunja barafu. Suti za umeme za mwanzo ziliunganishwa kwa mfululizo kama taa za mapambo: waya mmoja ukikatika kiwikoni, joto lote linakwisha. Aliyevua glavu kunasua bunduki iliyokwama aliacha ngozi kwenye chuma. Katika mwaka wa kwanza wa mashambulizi hayo, wanahewa wa Kimarekani walioumizwa na baridi walizidi waliojeruhiwa vitani.

Kwa nini mlenga mabomu ndiye anayeiendesha ndege wanapokaribia shabaha? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu kilengeo chake, Norden, kimeunganishwa na mtambo wa kujiendesha. Anaingiza kimo, mwendo na tabia ya bomu, anasawazisha jairo (gurudumu lizungukalo kasi linalokishikilia kilengeo wima) kwa kutazama viputo, kisha anageuza vifundo viwili, kimoja cha upepo wa ubavuni na kingine cha mwendo wa ardhi, mpaka msalaba utulie juu ya shabaha. Kila anapogeuza, ndege inafuata. Bomu huanguka kwa takriban sekunde 40, hivyo linaachiwa zaidi ya kilomita tatu kabla ya shabaha, na kilengeo chenyewe ndicho kinachoachia. Jairo likiinama nyuzi moja tu, kosa chini ni mita 130 au zaidi. Ndiyo maana dakika zile hakuna kukwepa, hata makombora yakipasuka puani.

Kuzunguka na kurudi tena, kama nahodha wa filamu anavyoamuru, kulitokea mara chache. Mwaka 1943 ilishakuwa desturi kundi zima liachie mabomu linapoona ndege ya kiongozi imeachia.

Kupiga mbizi ili kuzima moto wa injini ni sinema tu? (Msomaji, Bukoba)

Si sinema, ila ni hatua ya mwisho, upepo wa kasi uuzime moto. Kwanza unafunga mafuta ya injini hiyo, unageuza mapanga ya propela yakate upepo kwa ukingo, kisha unafungua gesi ya kuzimia moto. Tatizo la B-17F, aina ya ndege ya kwenye filamu, ni kwamba mapanga yaligeuzwa kwa oili ya injini ileile. Oili ikishavuja yote, propela inazungushwa na upepo bila breki na kuitetemesha ndege, wakati mwingine mpaka inakatika.

Ndege ni za kweli? Na ndio waliokuwa wa kwanza kumaliza safari 25? (Msomaji, Dar es Salaam)

B-17 tano za kweli zilitumika, nyingi za aina ya G zilizovuliwa bunduki za chini ya pua zifanane na F. Moja iliungua ikipaa Binbrook, Uingereza, Julai 1989. Wote kumi waliokuwemo walinusurika.

Wa kwanza, hapana. Rubani halisi, Robert Morgan, na wenzake walimaliza tarehe 17 Mei 1943 huko Lorient, Ufaransa, si Bremen. B-17 nyingine, Hell's Angels ya kundi la 303, ilikuwa imetangulia kwa siku chache. Belle ilipata umaarufu kwa sababu mwongozaji wa filamu William Wyler alikuwa akiirekodi kwa kamera za rangi. Sasa iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga, Dayton, Ohio.

Na zile Messerschmitt, ndege za kivita za Wajerumani? Tazama bomba za moshi puani. Injini ya Kijerumani ilifungwa kichwa chini, kwa hiyo bomba zake zilikaa chini. Za kwenye filamu ziko juu, kwa kuwa ni ndege zilizoundwa Hispania na kutiwa injini za Kiingereza za Merlin.