Kodingi ya Matibabu Marekani: Kabla Hujalipia Kozi

Waswahili walioko Marekani huisikia kazi hii kwa mtu: ni ya mezani, haidai digrii, na baadaye unaweza kuifanyia nyumbani. Ni kweli, ila hilo neno "baadaye" wengi hawalisikii.

Kwanza, kazi zenyewe ni mbili. Wa kodingi husoma maelezo ya daktari na kuyageuza kuwa namba: ICD-10-CM kwa ugonjwa, CPT kwa alichofanya daktari, HCPCS kwa vifaa na baadhi ya dawa. Wa bilingi huchukua namba hizo, akajaza dai (CMS-1500 la daktari, UB-04 la hospitali), kisha akalifuatilia bima hadi pesa ziingie. Kwenye kliniki ndogo mtu mmoja hubeba zote mbili.

Ukilenga kliniki, chukua CPC, cheti cha kodingi kinachotolewa na chama cha AAPC. CCS, cheti cha chama kingine, AHIMA, inamfaa zaidi wa hospitali, na ni ngumu kwa anayeanza. RHIT, cheti cha fundi wa taarifa za afya, inataka usome chuo miaka 2, na programu hiyo iwe na ithibati ya CAHIIM, chombo kinachokagua programu hizo; ithibati hiyo iulizie kabla ya kulipa ada, si baada.

Usianze na namba. Anza na viungo vya mwili na lugha ya kitabibu. Ini unalijua, lakini kwenye faili utakutana na "hepat-", na figo ni "nephr-". Miisho ndiyo huangusha watu: "-ectomy" ni kuondoa, "-otomy" ni kupasua, "-ostomy" ni kutoboa tundu na kuliacha wazi. Herufi mbili tatu tu, lakini namba ni nyingine na malipo ni mengine.

Halafu soma miongozo iliyo mwanzoni mwa kitabu cha ICD, kurasa ambazo wengi huziruka. Mfano: mgonjwa wa kliniki ana kikohozi na homa, daktari kaandika "inashukiwa nimonia". Usiandike J18.9 (nimonia). Kwa mgonjwa asiyelazwa, shaka haiandikwi kama ugonjwa, weka R05.9 (kikohozi) na R50.9 (homa). Mwingine ana presha na ugonjwa sugu wa figo hatua ya 3. Mwanafunzi huweka I10 (presha) na N18.30 (figo), akakosa, kwa sababu ICD huchukulia kuwa presha na figo vimeshikana: ni I12.9 (presha yenye ugonjwa wa figo) pamoja na N18.30.

Mtihani wa CPC una maswali 100 kwa saa 4, na kufaulu ni asilimia 70. Unaingia na vitabu vyako, kwa hiyo shida kubwa ni muda: dakika 2 na ushee kwa swali. Vizoee vitabu vyako mapema mpaka mkono ujue pa kufungua. Usinunue vya zamani kwa bei ya chee. ICD hubadilika kila Oktoba 1, CPT kila Januari 1.

Ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A, na hiyo A (ya mwanagenzi) waajiri wengi huikwepa. Inaondoka kwa miaka 2 ya kazi, ingawa kozi ya saa 80 huhesabiwa kama mwaka 1. Wakati huo omba hata nafasi ya kuingiza malipo au kufuatilia madai yaliyokataliwa. Huko ndiko utakakoona kila siku bima inakataa nini, na kwa kosa gani.